Mashine ya Kukaushia Nguo za Mkamwana

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikaa kibarazani kwake huona mengi kuliko mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo msiniambie kwamba naingilia mambo ya watu. Mambo ya watu ndiyo yanayoniingilia mimi, tena bila hodi.

Mwaka ule bei ya dhahabu ilipanda na kijiji chetu cha Kewanja, kando ya mgodi, kikafurika. Watu walikuja kutoka Geita, Kahama, hata Migori kwetu, kila mmoja na sululu yake na ndoto zake. Mwenye kiwanja akajenga vyumba, akaongeza vyumba, mpaka uani pakabaki pa kupitia tu. Uani kwetu palikuwa na milango mitatu: wangu na binti yangu Sharon, wa kijana mmoja Mkurya aitwaye Werema na mkewe Mokami, na wa walevi fulani ambao sitawataja kwa sababu hadi leo wana deni langu la suruali. Katikati palikuwa na waya mmoja wa kuanikia nguo.

Tuliishi vizuri na waya wetu mpaka alipokuja baba yake Werema, Mzee Heche, kutoka Mbalibali kule Serengeti. Plau ilikuwa imemkata mguu wakati wa kulima, na kidonda kikagoma kupona. Nesi wa zahanati ya huku alimwambia wazi: kioshwe na kufungwa siku baada ya siku, tena kisipate maji wala matope, la sivyo mguu utakatwa. Kwake Mbalibali hakuna wa kumfunga kidonda hicho. Ndiyo maana akahamia kwa mwanawe, akawa analala sebuleni, na mchana anakaa uani na mguu wake juu ya kigoda, akiutazama waya.

Sasa kwa Wakurya, baba mkwe na mkamwana wana heshima zao. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni ovyo, na neno la mmoja kwa mwenzake hupitia kwa mtu wa tatu. Sisi Wajaluo tuna yetu kwa mama mkwe, kwa hiyo sikucheka. Huko Mbalibali kila mwanamke ana nyuma ya nyumba yake, anaanika anachotaka. Kewanja ile ya dhahabu haikuwa na nyuma ya nyumba. Mokami angeanikaje nguo zake za ndani mbele ya macho ya baba mkwe?

Hakuanika. Alizikausha chini ya godoro na kwenye chaga za kitanda, na masika yale mvua haikutupa nafasi. Akaanza kujikuna. Alikuja kwangu kuomba mafuta, akinuka kama gunia la mahindi lililonyeshewa, maskini, naye ni msichana msafi kuliko wote ninaowajua.

Mzee hakuwa mjinga. Asubuhi moja nilimwona akichukua kigoda chake anatoka nacho nje, barabarani, kwenye matope na malori, ili uani pawe peupe. Mokami akadhani amemuudhi. Akatoka, akakichukua kigoda mzee alipokwenda haja, akakirudisha uani mahali pakavu. Kesho yake ikawa vilevile. Huyu anatoa, huyu anarudisha, na hakuna anayesema kitu. Nesi alipofungua bendeji akakuta matope, akamgombeza mzee mzima kama mtoto wa darasa la pili. Ninawapenda wote wawili, lakini siku zile nilitaka kuwapiga na futi yangu ya mbao.

Hatimaye mzee akaja kibarazani kwangu, akichechemea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Sharon. Wewe si una kaka Sirari anayeuza vitu vya Wazungu?"

"Ninaye. Oyoo."

"Werema alifanya usafi kule kambini kwa Wazungu wa mgodi. Anasema wana mashine, inakausha nguo bila jua. Kaka yako anazo?"

"Huenda. Ya nini, mzee?"

Akatazama kuku wangu muda mrefu. "Kuna mtu hapa, nguo zake hazipati jua."

Mzee yule aliuza ndama ili mke wa mwanawe avae nguo kavu, na neno "nguo" lenyewe alilitoa kwa shida.

"Utasema ni yako," akaniambia. "Mimi sijui kitu."

Oyoo akaileta kwa pikapu ya rafiki yake, imefungwa kwa kamba za katani. Ilikuwa mashine ndogo, ya kimo cha kabati la sahani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya mgando, na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mbele ilikuwa na mlango wa duara wa kioo.

"Sista, hii si hizi za siku hizi za plastiki," Oyoo akasema, akiipiga mgongoni. "Hii ni chuma. Imekausha nepi za watoto wa Ulaya kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Hii itakuzika."

"Ikuzike wewe," nikamwambia. "Ingiza ndani."

Lakini ndani haikuingia. Waya wake ulikuwa mfupi, na soketi pekee yenye nguvu ilikuwa ya pasi yangu, pale kibarazani. Basi ikakaa kibarazani, uso wake umeelekea uani. Tulikiona kile kioo, sote. Wanawake wa jirani walijitazama humo, wakarekebisha vilemba. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Jamani, ile mashine niliipenda. Ilimeza shuka moja na mashati mawili, ikanguruma kama paka aliyeshiba, ikatoa nguo zenye joto ambazo Sharon alizikumbatia kabla ya kuzivaa kwenda shule. Kwa nyuma ilitoa hewa ya moto, na kuku wangu wakahamia huko kutaga. Ilikuwa na kichujio kinachokusanya manyoya ya nguo, na manyoya hayo nikayajaza kwenye kimto changu cha kuchomekea sindano. Ilikula umeme wa luku bila adabu, lakini majirani walichanga, maana masika hayana mwenyewe. Mlevi mmoja alileta ovaroli yenye mawe mfukoni, mashine ikapiga kelele kama karasha la kusagia mawe, nikamfukuza yeye na ovaroli yake. Mzee Heche alikaa kwenye kigoda chake akiyatazama yote hayo na kutabasamu ndani ya ndevu.

Nguo za Mokami tu ndizo zilizokuwa hazijaja. Nilimbembeleza sana. "Beseni unafunika kwa kanga," nikamwambia, "unamimina ndani, unafunga mlango. Nani ataona?"

Siku alipokuja, alikuja na beseni limefunikwa kwa kanga mbili. Mzee alipoliona tu akajua, akageuza uso kwa heshima. Mokami akamimina haraka haraka, akafunga, mimi nikabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma. Mzee aliposikia mlango umefungwa, na mngurumo umeanza, akaona sasa ni salama. Akageuka kuitazama mashine yake ikifanya kazi aliyoinunulia.

Gauni la ndani jekundu likaja mbele ya kioo, likatandazika, likapunga, likaenda zake. Kikafuata kitu kingine, sitakitaja. Kisha gauni likarudi. Waya ulikuwa na heri, maana kwenye waya nguo hutulia.

Mzee alijifunika uso kwa kofia, akainuka bila fimbo, akaligonga beseni, akaanguka nusu. Mokami alitoa sauti ndogo, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Mimi nikaruka kuikumbatia ile mashine kwa tumbo langu, na nikabaki pale, nimeikumbatia, mpaka ilipomaliza.

Jioni Werema akaja kwangu, uso umemshuka. "Mzee ameshafunga mfuko. Anasema kesho anaondoka na gari la kwanza, anarudi Mbalibali."

Nikamfuata. "Mzee, na mguu?"

"Mguu ni wangu," akasema bila kunitazama. "Yule ni mtoto wa watu. Nimemvua nguo mchana kweupe. Nitakaaje hapa, ninywe uji wake?"

"Nitaishonea mashine pazia."

"Pazia la kesho haliwezi kufunika jana, Mama Sharon."

Nikaenda kwa Mokami nikitegemea msaada. Nikamkuta naye anafunga mzigo. Anakwenda Nyamwaga kwa mama yake, akae huko mpaka mzee apone, ili mzee asiwe na sababu ya kuondoka.

Hapo ndipo hasira zilipopanda. "Mna wazimu, wote wawili! Yeye anakukimbia wewe, wewe unamkimbia yeye, na mguu utakatwa katikati! Unajua ile mashine ni ya nani? Si yangu. Mimi nina hela ya mashine? Aliuza ndama, mzee wako. Alikuona unajikuna. Alisema kuna mtu hapa nguo zake hazipati jua."

Mokami akakaa kitandani, gauni lililokunjwa nusu mapajani mwake.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Kisha akasema, "Baba yangu mzazi asingeliwaza hilo," na akaanza kulia, na mimi nikalia naye, maana mimi kwa kilio sihitaji kuombwa. Kisha nikarudi kwenye cherehani langu na kushona pazia.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, ile ya taratibu isiyo na haraka ya kwenda popote. Nilitoka nikawasha mashine nikaushe sare za Sharon, na nilipogeuka nikasimama. Waya wa uani ulikuwa umejaa kutoka mwisho hadi mwisho: mashati ya mzee, suruali zake zote, koti lake la kanisani, fulana, soksi, na kofia imebanwa kwa pini. Vyote vimefuliwa, vyote vinachuruzika. Nguo za mzee zilikuwa zikifuliwa na Werema, mwanawe wa kumzaa. Mkamwana hazigusi. Mokami alikuwa amesimama chini ya waya, mikono myekundu kwa sabuni, mvua inamlowesha.

Mzee akatokea mlangoni. Alikuwa amejifunga blanketi, kwa sababu hakuachiwa kingine. Mfuko wake mtupu alikuwa ameushika mkononi.

"Mama Sharon," akaniita, huku akitazama paa. "Mwambie mkamwana anipe nguo zangu. Gari linaondoka."

Nikafungua kinywa nimwambie. Mokami hakunisubiri. Aliinamisha macho chini kama inavyotakiwa, lakini sauti aliituma moja kwa moja kwa mzee, akimwita baba kwa Kikurya.

"Tata, nguo hazijakauka."

Hata walevi walikuwa wamesimama mlangoni kwao.

Mzee hakuondoa macho paani. "Mama Sharon, mwambie kuna mashine."

"Mashine imeharibika, tata," akasema Mokami.

Nyuma yangu mashine ilikuwa inanguruma kwa raha zake, na pazia langu jipya la maua linatikisika mbele ya kioo. Mzee akaitazama mashine. Akanitazama mimi.

"Imeharibika kabisa, mzee," nikasema.

Akasimama pale mlangoni, mzee wa watu, ndani ya blanketi la mwanawe, mfuko mtupu mkononi.

"Itapona lini?" akauliza.

"Mguu wako ukipona," Mokami akajibu.

Mzee akaweka mfuko chini. Akashuka ngazi polepole, akaketi chini ya upenu mahali pakavu, akaunyanyua ule mguu wenye bendeji kwa mikono miwili na kuulaza juu ya kigoda. Nikasogea nikijua sasa nitatumwa.

"Basi nipe chai, mwanangu," akasema, na hakuwa ananiambia mimi.