Mikono ya Mimbari

Fundi seremala alikuwa na kinyongo na wakubwa wote, kuanzia waziri hadi yule anayegonga mihuri dirishani, na hakukificha. Bomba likikauka, ni wao. Msumari ukipinda, ni hao hao, wameruhusu bati la kopo liuzwe kama chuma. Watu wa mtaa walimcheka, lakini hawakumbishia, maana walijua kilichomuuma. Mkewe alikata roho kwenye benchi la hospitali akisubiri mtungi wa hewa ambao Mheshimiwa, mbunge wao, alikuwa ameuahidi kampeni mbili mfululizo. Mtungi haukufika. Kilichofika ni picha ya Mheshimiwa, ikatundikwa ukutani, meno yote nje.

Hata hivyo, wiki hiyo Fundi aliamka kila siku akipiga mluzi. Kanisa lilikuwa limemwagiza mimbari mpya, na mbao zake zilikuwa zimelala chini ya kitanda cha chumba cha nyuma miaka tisa. Mkewe ndiye aliyezinunua. "Hizi ni za kitu cha maana," alikuwa akisema. "Ole wako nikute umemtengenezea mtu kabati." Sasa kitu cha maana kilikuwa kimesimama katikati ya karakana, kinanukia vanishi, na Fundi alikuwa akikizunguka kama bwana harusi.

Hakukifanya peke yake. Yeye alipima, akakata, akaunga. Mwanawe wa pekee alipiga msasa na vanishi. Nakshi za mbele, zile za majani yanayopandana, zilichongwa na mwenzi wa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Patasi kwa sababu ya kazi yake. Wanaume hao wawili walikaa pamoja chumba cha nyuma ya karakana, mwaka wa sita huo. Mtaa ulijua wanavyoishi, na mtaa huo huo ulipanga foleni kumletea Patasi milango aichonge. Siku ile gari la wagonjwa lilipokosa mafuta, Patasi ndiye aliyembeba mke wa Fundi mgongoni mpaka hospitali, kilima chote kile.

Ijumaa alasiri Mchungaji alikuja kuiona kazi. Aliisifu, akaipapasa, kisha akabaki anasafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Sema tu, Mchungaji," Fundi akamwambia. "Miwani itatoboka."

"Jumapili tunaye Mheshimiwa, mzee wangu. Atazungumza juu ya ule muswada wake, wa kuwafunga... watu wa namna ile. Kwa maandiko. Sasa kwenye kutaja mikono, nakuomba, mkono wa Patasi uuruke."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika kanisa lao, kitu kipya hakikutumika mpaka aliyekitengeneza asimame mbele ya watu na kutaja kila mkono uliokigusa, hata wa aliyewachemshia mafundi chai. Baada ya hapo Mchungaji huweka kiganja juu yake na kukiombea. Mkono mmoja ukifichwa, kitu hicho kilihesabiwa hakijaombewa.

"Kwa hiyo unataka nidanganye madhabahuni ili Mheshimiwa ahubiri ukweli," Fundi alisema.

"Kuna kazi ya mabenchi thelathini inakuja, Fundi. Wazee wa kanisa walishakuchagua wewe. Usiniharibie."

Alipoondoka, Fundi aliingia chumba cha nyuma. Alikuta begi kubwa wazi kitandani. Mwanawe alikuwa akikunja mashati, Patasi akimpokeza, na randa yake ilikuwa imeshafungwa kwenye taulo. Yote ya Mchungaji walikuwa wameyasikia kupitia ukuta.

"Mnakwenda wapi?"

"Mbali kidogo, Baba. Jumatatu," mwanawe alisema bila kumtazama. "Leo wanasema kanisani, kesho watasema hapa mlangoni. Wewe uruke tu huo mkono, ubaki na kazi yako."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alishazika mmoja. Kubaki na karakana isiyo na mtu wa kugombana naye juu ya chai, huo ndio msiba wa pili, na hakuuweza.

"Patasi," akasema, "mimi sikusoma, naomba unijibu kwa lugha fupi. Wewe hutaki kutajwa?"

"Kutajwa sikukataa, Baba. Nilichokataa ni wewe kuumizwa."

"Kuumizwa niachie mwenyewe. Nina mazoea."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mheshimiwa alikaa mbele kwenye kiti cha mto mwekundu, amezungukwa na wapambe. Fundi alisimama kando ya mimbari katika koti lake la harusi, ambalo sasa lilifunga kifungo kimoja tu.

"Mikono ni hii," alisema. "Mkono wa marehemu mke wangu, aliyenunua mbao. Wangu mimi, niliyeunga. Mkono wa mwanangu, aliyepiga msasa. Na mkono wa Patasi, yule pale, aliyechonga. Anakaa na mwanangu. Alimbeba mke wangu mgongoni wakati serikali haikuwa na mafuta. Ni wa nyumbani kwangu. Nimemaliza."

Feni zilizunguka darini. Mchungaji alitazama kiti chenye mto, akaitazama mimbari, akalowa jasho. Halafu mkono wake ukanyanyuka, taratibu, ukatua juu ya mbao. Maombi yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba, ila aliyaomba.

Mheshimiwa akainuka. Alifika kwenye mimbari, akaziona nakshi, akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeona jiko la moto. Aliamua kuhutubia akiwa amesimama sakafuni. Mkono mmoja ulishika kipaza sauti, wa pili ukashika hotuba, kitabu kitakatifu akakibana kwapani.

"Ndugu zangu, maandiko yanasema wazi!" alinguruma. "Hebu tusome!"

Kusoma sasa kukawa kazi. Alipokitoa kitabu kwapani, karatasi zikamponyoka, feni ikazisambaza hadi kwa akina mama. Alipoinama kuziokota, kipaza sauti kikapiga kelele. Alibana kitabu kwa kidevu. Akajaribu kufunua ukurasa kwa kidole gumba, zikafunuka kumi.

Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, aliyekuwa rafiki wa marehemu mke wa Fundi tangu usichana, alishindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, weka tu pale kwenye mimbari," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Haiumi."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya, kikaenda nyuma, kikatoka nje madirishani. Hata mpambe mmoja alijifunika mdomo kwa tai. Mheshimiwa alisimama pale na kitabu chake mikononi, hana pa kukiweka, na mwisho wa yote akakiweka juu ya mimbari. Alisoma mistari miwili haraka haraka, macho yasishuke kwenye nakshi. Ya muswada aliyaahirisha. Akasema ana mkutano mwingine.

Pale nje Mama Kwaya alimpiga Fundi bega. "Shemeji, dada yangu huko aliko ameshika mbavu."

Jioni Mchungaji alipita karakana. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Wengine wamekasirika, Fundi. Juu ya yale mabenchi, wazee wanataka wakae kwanza."

"Wakae," Fundi alijibu. "Ila waulize watakalia nini."

Mchungaji alijitahidi asicheke, akashindwa, akaenda zake.

Fundi aligeuka. Muswada ulikuwa bado uko huko kwa wakubwa, na wakubwa ni wale wale, hakujidanganya. Lakini Mama Kwaya alikuwa ameshaleta mlango wake uchongwe, akauegemeza makusudi kwenye kitanda, palipokuwa na begi. Begi lenyewe lilikuwa tupu chini ya kitanda, mahali pa zile mbao. Na mwanawe alikuwa juu ya kigoda, anafungua taulo, anairudisha randa kwenye msumari wake.

"Umeining'iniza upande," Fundi alimwambia.

"Msumari ndio umepinda, Baba."

"Serikali hiyo," alisema Fundi, akaenda kuchemsha chai ya watu watatu.