Kilima Kilichopigiwa Kura

Kamati ya Majina ya Jimbo ilikuwa na viyoyozi viwili na haikuwa na aibu hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuandaa kitabu cha asili ya majina ya vilima, mito na mitaa yetu. Ilipofika zamu ya kilima chetu, Kwa Sitoki, ikaita wazee wathibitishe. Nilimsindikiza shangazi yangu, kwa sababu Sitoki ni yeye.

Kilimani hakuna asiyejua. Shangazi alikuwa dobi, akifulia pale chemchemi inapotokea. Wakubwa walipoamua kumpa chemchemi ile mwenye kiwanda cha soda, madobi wote waliambiwa wahame. Wenzake wakafungasha. Yeye alikalia jiwe lake la kufulia, na kila aliyemsogelea alijibiwa neno moja tu: sitoki. Askari wakambeba juujuu kama godoro. Toka siku hiyo watu wakaanza kusema "nishushe Kwa Sitoki", na jina likaganda.

Mwenyekiti wa kamati, mwanahistoria mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akasoma rasimu yake: "Bibi Sitoki, mzalendo aliyekipenda kilima chake asitake kukihama, aliitoa chemchemi kwa hiari ili jimbo lipate maendeleo."

"Kwa hiari?" shangazi akauliza. "Mwanangu, mtu wa hiari anabebwa miguu juu?"

"Mama, hayo ni masimulizi. Sisi tunatafuta asili iliyokubalika."

"Imekubaliwa na nani?"

"Ndiyo maana tuko hapa. Tutapiga kura."

Nimewaona hawa watu wakizindua bomba lisilo na maji na kulipigia makofi. Lakini kupigia kura jambo lililokwisha kutokea, tena mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki anawatazama, hilo lilikuwa geni hata kwangu. Mikono ikapanda kuiunga mkono rasimu: mwalimu mstaafu, mwenye maduka, diwani anayekijua kilima wakati wa uchaguzi tu. Shangazi naye alikuwa na kura yake moja, kama mtu mwingine yeyote. Akashindwa uchaguzi wa maisha yake mwenyewe.

Halafu Mwenyekiti, bila hata kukohoa, akamwomba awe mgeni wa heshima siku ya kuzindua bamba la jiwe kilimani. "Utavuta kitambaa tu, mama, na kupungia watu mkono."

"Huyo aliyetoa kwa hiari ndiye akavute. Mimi simjui."

Wakamtafuta, na wakampata. Siku ya uzinduzi, kando ya mkuu wa jimbo aliketi bibi mmoja kutoka mtaa wa mbali, kavishwa gauni jipya, na spika zikatangaza kwamba huyo ndiye Sitoki. Tulitazamana. Nikataka kusimama nipige kelele. Shangazi akanivuta shati.

"Kaa chini. Amenizidi uzuri, mwache afaidi."

Lakini bibi yule alipopewa kipaza sauti awasalimie watu, aliyeinuka ni shangazi. "Dada yangu, hujambo? Hebu tukumbushe, siku ile askari walikushika wapi, mikono au miguu?"

Bibi akamtafuta Mwenyekiti kwa macho. Mwenyekiti alikuwa ameinama anaweka kitambaa sawa.

"Ah, dada," bibi akasema ndani ya kipaza sauti, "mimi nimeambiwa nitabasamu tu."

Spika zikalipeleka hilo mpaka barabarani. Kilima kizima kikacheka, watu wakishikana mabega wasianguke. Mkuu wa jimbo akakumbuka ana kikao kingine. Mwenyekiti akavuta kitambaa mwenyewe, upesiupesi, mbele ya viti vilivyoanza kuwa wazi, na uongo wake ukabaki pale juani, umechongwa vizuri sana.

Tukiteremka nilikuwa nimelewa ushindi. "Shangazi, leo tumewaumbua!"

"Tumewaumbua, sawa. Chemchemi iko wapi?"

"Nyuma ya seng'enge ya kiwanda. Palepale."

"Basi usinipigie makofi. Rudi juu ukawaite wale waliokuwa wakicheka, kabla hawajatawanyika."