Pale Mashine Ilipomkata Mama Anselmi

Habari hii alinisimulia Violeth mwenyewe, mpangaji wa chumba cha tatu, Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja tukichambua mchele ukumbini. Alisimulia akiruka mbele na kurudi nyuma, kama mtu ambaye jambo halijamtoka mwilini. Hapa nimelipanga lilivyokwenda.

Violeth ni binti wa Masasi, na kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao, zile mtu anazozifungua kwenye simu akaagiza bidhaa au akajaza fomu. Ofisi yao iko Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Mwenye ofisi ni Rupal, mama wa Kihindi wa makamo, mkali wa kazi lakini si mchoyo wa chai.

Sasa, watu wa Kusini wanaoishi Kariakoo na Magomeni wana umoja wao wa kuzikana. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Novemba, wanakodi ukumbi karibu na Mnazi Mmoja, Waislamu na Wakristo pamoja. Majina ya marehemu wao yanasomwa moja moja, shehe anaomba dua, katekista anasali, kisha wanakula pilau. Miaka yote majina aliyaandika katibu, mzee Onesphory, kwenye daftari lake kubwa, kila marehemu jina moja tu. Mwaka huu macho yalimgomea. Akamwomba Violeth awatengenezee ukurasa, watu watume majina kwa simu.

Violeth akaweka kisanduku cha kuandikia, na juu yake maelezo: andika jina moja, shuka mstari, andika jingine. Maana kwa mashine, alichoandika mtu ni uzi mmoja mrefu wa herufi. Haijui jina linaanzia wapi wala linaishia wapi, mpaka uiambie ikate wapi. Ikishakata, inavipanga vipande kwenye safu, kila kimoja na namba yake. Kile cha kwanza inakipa sifuri, jambo lililomsumbua Violeth wiki nzima alipoanza chuo. Basi akaiambia ikate kila mstari unapoisha.

Majina yakaanza kuingia Jumatano, na hakuna aliyeshuka mstari. Wazee hawakujua simu inashukaje, vijana hawakusoma maelezo. Waliandika mfululizo kama mtu anayeongea. Kuna mmoja aliandika watu kumi na mmoja bila hata mkato, mashine ikawahesabu ni marehemu mmoja mwenye majina kumi na moja.

Rupal alikuwa anamsubiri amalizie ukurasa wa duka la vigae. Violeth akafanya haraka: akaiambia mashine ikate kila penye nafasi kati ya neno na neno. Daftari la mzee Onesphory si lina jina moja moja? Majina yakajipanga vizuri, ila katikati yake yakasimama maneno mengine, Marehemu, Mzee, Mama, Baba, Bibi, yametapakaa safu nzima. Akacheka peke yake. Akayachukulia ni maneno ya heshima tu, akaiambia mashine iyatupe. Yakabaki majina mia mbili na kumi na manne. Alihesabu idadi. Kuyasoma hakuyasoma.

Jumamosi ilipofika, mzee Onesphory akampa yeye heshima ya kusoma, akasimama mbele na karatasi zake. Safu ya pili alikuwa amekaa Winifrida. Huyu ana meza yake Kariakoo, anauza zipu, vifungo na lesi za kushonea. Mumewe, Anselmi, alienda kwenye machimbo ya madini upande wa Tunduru, na kwa miezi kumi na minne hakuwa amepiga simu wala kutuma salamu. Watu wote wa umoja walilijua hilo. Ukimwuliza Winifrida habari za mumewe, anajibu neno moja: "Yupo." Anakupimia zipu yako, anaendelea na kazi. Ndilo neno alilokuwa anaishi nalo.

Violeth alisoma Zainabu. Akasoma Anselmi. Akasoma Isidori, macho yakiwa kwenye karatasi. Hapo akasikia kiti kikiburuzwa. Alipoinua uso, Winifrida alikuwa ameshasimama, anajifunga khanga kiunoni vizuri, halafu akatoka taratibu kupita kwenye masufuria ya pilau. Hakulia. Nyuma yake wanawake wawili wakainuka, kisha watano. Usomaji ulipokwisha, ukumbi mzima ulikuwa unanong'ona kwamba Anselmi kafa, viongozi walikuwa wanajua, na mke kaambiwa kwa karatasi mbele za watu.

Mzee Onesphory akamvuta Violeth pembeni, akamwuliza nani kaleta jina lile. Violeth akasema hajui.

"Kuna mtu kalituma, mjukuu wangu," mzee akasema. "Mtafute leo hii, yule mwanamke asilale bila kujua ukweli."

Violeth akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka ofisini. Rupal yuko kazini Jumamosi, na jambo moja alilomfundisha tangu siku ya kwanza ni kwamba kilichoandikwa na mtu kinahifadhiwa kilivyo, kabla mashine haijakigusa. Violeth akafungua huko kwenye maandishi mabichi, akatafuta. Jina lilikuwa sehemu moja tu. Mtu ameandika: "Marehemu Zainabu Mama Anselmi Mzee Isidori Hadija."

Rupal akaja kusimama nyuma ya kiti chake na kikombe mkononi, akasoma, akaelewa.

"Bibi yangu Hemlata," Rupal akasema, "hakumtaja babu kwa jina lake mpaka anaingia kaburini, sijui nisemeje, mpaka anachomwa, maana sisi tunachoma. Alimwita Baba Devendra. Na Devendra ni baba yangu, yuko nyumbani saa hizi anaangalia kriketi. Mashine yako ingemuua."

Violeth akasema amefanya kosa la mtu mgeni, na yeye si mgeni. Mama yake mwenyewe Masasi nani anamwita kwa jina? Wote wanamwita Mama Violeth. Rupal hakumgombeza. Alimwambia awahi.

Namba iliyotuma ilikuwa ya Bi Sabaha, mama mtu mzima wa Magomeni mwenye miguu ya kuvimba, ndiyo maana hakufika ukumbini. Nyumba yake ndiyo hiyo hiyo anayopanga Winifrida. Violeth alipofika alikuta wanawake wameshaanza kutandika mikeka uani, mmoja ana kilo mbili za sukari. Bi Sabaha yuko kwenye kiti chake, anauliza kila anayeingia Anselmi kafia wapi. Mlango wa Winifrida umefungwa.

Violeth akampa shikamoo, akapiga magoti, akamsomea ujumbe wake kwenye simu. Bi Sabaha akashika kifua. Alikuwa amemwandika jirani yake wa miaka ishirini na saba, rafiki yake wa kusukana nywele, mama wa Anselmi, aliyefariki kabla Anselmi hajaoa na kusafirishwa kuzikwa Kusini. Akainuka na miguu yake ile, akaenda kugonga mlango, akaeleza yote akiwa amesimama nje. Halafu akamsukuma Violeth mbele.

Mlango ukafunguka. Winifrida alikuwa ameshavua hereni. Nguo za mwanamume zimekunjwa kitandani, tatu tatu.

"Kwa hiyo hajafa," akasema.

Violeth anasema hapo ndipo alipotamani kudanganya. Neno moja tu lingetosha.

"Sijui, dada," akamjibu. "Ninachojua ni kwamba hakuna mtu aliyesema amekufa. Ni mimi nimekata vibaya."

Akamweleza alivyofanya, na Winifrida akasikiliza kama anavyomsikiliza mteja. Akauliza swali moja: kama mashine imemtoa Mama Anselmi ikamweka mwanawe, je, mama amesomwa? Violeth akasema hapana, hakusomwa. Basi, Winifrida akasema, kwanza arudishwe yule mama. Mkwe ambaye hakumwona, asimkose na dua. Na aandikwe kwa jina lake, asije akakatwa tena.

Wakamgeukia Bi Sabaha. Miaka ishirini na saba walikopeshana chumvi na mkaa, na hakuwahi kulijua jina lake. Winifrida naye kwa mumewe alisikia "mama" tu. Mwenye kulijua jina ni mmoja, na ndiye huyo asiyepokea simu.

Winifrida akawaambia wenye mikeka waende nyumbani, akawarudishia na sukari yao. Usiku ule Violeth hakuondoka. Walikaa watatu chumbani, hakuna aliyelala. Winifrida alipiga simu kwa kila mtu wa Kusini aliyemjua, na habari za msiba zilikuwa zimeshamtangulia kila mahali. Wengine walimpa pole kabla hajasema lolote.

Jumapili, saa sita na nusu mchana, simu yake ikaita. Namba ngeni. Akaiweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Winifrida," sauti ya mwanamume ikasema, "nani huko kasema nimekufa? Huku kambini wananichangia sanda."

Bi Sabaha akaanza kulia kwa sauti ndogo. Yule bwana akamwuliza Winifrida kama yupo. Violeth alikuwa anamtazama. Uso wake ulilegea kwanza, wote, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Halafu ukaanza kukaza tena kidogo kidogo. Maana kumbe vocha huko zipo. Kumbe namba alikuwa nayo kichwani miezi yote kumi na minne.

"Mama yako aliitwa nani?" akauliza.

"Nini?"

"Mama yako. Jina lake."

"Leokadia," Anselmi akasema, taratibu, kama mtu aliyekuwa hajalitamka siku nyingi. "Kwa nini? Winifrida, sikiliza, mimi nilikuwa nataka..."

"Mengine utaniambia nikiamka," Winifrida akasema. "Nimekukeshea." Akakata simu.

Violeth akatoa kompyuta yake pale pale kitandani, juu ya zile nguo zilizokunjwa. Akamfuta Anselmi, akaandika Leokadia. Winifrida akasema ongeza, Mama Anselmi, maana watu wa Magomeni hawatamjua kwa Leokadia. Violeth akaiambia mashine jina hilo lote ni kitu kimoja, isiliguse. Kisha akakiondoa kile kisanduku kikubwa. Akaweka vidogo, kila marehemu na chake. Bi Sabaha akampigia mzee Onesphory, mzee akaahidi kumpelekea shehe na katekista jina lile jioni hiyo hiyo.

Bi Sabaha alikuwa wa kwanza kusinzia, palepale kwenye kiti, simu iko mapajani. Winifrida akazisogeza nguo za mumewe upande wa ukutani bila kuzirudisha kabatini, akajinyoosha, na kabla Violeth hajauliza kama anataka uji alikuwa anakoroma. Violeth akafunga dirisha lililokuwa linaingiza jua la alasiri. Akasoma majina yote mia mbili na kumi na manne, moja moja, kwa kidole, akiyalinganisha na maandishi mabichi. Alipofika la mwisho akaweka kompyuta chini, akalala kwenye mkeka na viatu vyake miguuni.