Pijo ya Mzee Mansuri Inagonga

Mafundi wote wa mtaa wa Mafiga walishatoa hukumu: injini imekufa, beringi za chini zimekwisha, na spea za Pijo 404 nani anazo siku hizi? Mwanvita aliwasikiliza mmoja mmoja, akawashukuru kwa adabu, na hakumwamini hata mmoja. Mtu hajafungua boneti sawasawa, ameshatikisa kichwa! Huyo ni fundi au mpiga ramli?

Jumamosi ilikuwa inabisha hodi. Ndiyo siku ambayo kaka yake, Salum, alikubaliana na watu wa vyuma chakavu waje kulivuta gari.

"Tumehangaika vya kutosha," Salum alisema. "Tukodi gari jingine tumpeleke baba."

Lakini baba yao, Mzee Mansuri, aliyepanda na kushuka milima ya Uluguru na Pijo hiyo tangu ndevu zake nyeusi, alishasema lake. Macho yalikuwa yanafifia, na kabla hayajazima alitaka kufika Kinole alikozaliwa. Kwa Pijo yake. "Mkinipakia kwenye gari la mtu, nashuka Bigwa, kabla hata ya mlima," aliapa. Na angeshuka kweli, mzee yule namjua mimi! Pijo ikienda kwenye vyuma chakavu, Kinole ndiyo basi tena.

"Mzee anadeka," Salum alinung'unika.

"Adeke! Adeke kwa nani kama si kwetu?" Mwanvita akajifunga kibwebwe juu ya suruali ya kazi, akachukua funguo.

Alianza na barabara ya Kingolwira, tambarare tupu. Pijo ikaenda kimya, raha mustarehe. Akageuza, akapita Bigwa, akaanza kupanda kuelekea Kiroka. Katikati ya mlima, hilo hapo: ko-ko-ko-ko! Akaegesha pembeni, akaiacha ipumzike hadi ikapoa. Alipoondoka tena, kimya. Akapanda, ikapata moto, ko-ko-ko.

"Ahaa! Kumbe unachagua," aliiambia. Beringi iliyokwisha haichagui. Inagonga bondeni, inagonga mlimani.

Akatoa bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, kama baba yake alivyomfundisha zamani. Chini kulikuwa shwari. Juu, kwenye silinda hedi, ndiko kulikokuwa na ngoma. Geji ya joto ilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba injini ilikuwa inaungua. Akasubiri, kisha akafungua kifuniko cha rejeta, linalopoza maji ya injini, kwa kitambaa, taratibu. Mvuke ukampiga puani.

Pilau. Wallahi tena, rejeta lilinukia pilau la Idi!

Nyumbani alilifungua rejeta lile, akalipindua, akasukuma maji kwa mpira kutoka chini. Ilitoka kutu, likatoka tope, kisha zikaanza kumwagika pilipili manga. Nzima nzima, zimevimba, karai likajaa harufu. Salum alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Nani alikuwa anapika humu?"

Mwanvita hakucheka. Dereva yeyote wa milimani anajua: rejeta likivuja njiani, tia pilipili manga ya kusaga kidogo, itaziba tundu mpaka ufike nyumbani. Ya kusaga. Ukitia nzima, unaziba njia zote za maji.

"Kaka, safari ya mwisho ya Kinole uliendesha wewe. Rejeta halikuvuja?"

"Lilivuja. Nikateremka mtoni kuchota maji. Niliporudi, baba akaniambia ameshaziba."

"Na shangazi Chausiku alikuwa amemfungashia chupa mbili za pilipili."

"Ndiyo. Moja ya kusaga, moja..." Salum akalitazama karai. Kicheko kilikatika hapo hapo. Chupa zile za kioo, mchana kweupe, mtu anayeona hawezi kuzikosea. Macho ya mzee hayakuwa yanafifia. Yalishazima tangu siku ile, naye akawaficha.

"Sasa anakwenda Kinole kuona nini?" Salum aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwanvita alijifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akalehemu tundu la rejeta, akalirudisha mahali pake. Jumamosi watu wa vyuma chakavu walikuta uwanja mtupu.

Mzee Mansuri alikaa mbele, kofia yake safi kichwani, sikio ameliinamisha kwenye dashibodi. Pijo ilipanda bila kugonga hata mara moja.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Takataka tu, baba."

"Takataka zenyewe zinanukia?"

Mwanvita akakaza macho barabarani. Mzee akacheka kidogo, akampapasa bega. Mbele kidogo, injini ilipobadili sauti, alinyoosha kidole kushoto.

"Gia ya pili. Hapa ni kwa Severini, migomba yake hii. Sasa inavuta pumzi, tunaingia darajani. Ngoja... umeona mdalasini wa marehemu mama yangu? Huo, juu ya kona."

Ulikuwepo. Salum, kiti cha nyuma, aliutazama mpaka kona ikauficha.

"Pijo ilipoanza kugonga ndipo nilipopotea njia," mzee alisema. "Katika gari la mtu, wanangu, mimi ni kipofu."

Kona ya mwisho kabla ya Kinole gia ya tatu ingetosha kabisa. Mwanvita akaingiza ya pili, akapanda polepole, ili baba yake aione vizuri.