Kuku wa Mekatilili

Pola alimnyang'anya mke wangu nafasi ya Mekatilili mbele ya wenzake, tena kwa sababu ya meno.

Kina mama wa kikundi chao wanajitolea. Huzunguka shule za msingi, kutoka Barani hadi Dabaso, kila mmoja akiigiza mwanamke wa zamani ili watoto wamjue. Easter ni Syokimau, yule mtabiri. Kabibi, mke wangu, alikuwa Mekatilili, yule shujaa aliyewapinga wakoloni. Mwanamume ni mimi peke yangu: najipaka unga usoni, navaa kofia pana, nageuka mzungu wa serikali. Watoto hunizomea mpaka sauti ziwakauke.

Hando, ile sketi ya kienyeji, Kabibi alilishona mwenyewe, marinda juu ya marinda. Mwaka huu meno yake mawili ya mbele yakang'oka. Kisha tukasikia wageni watakuja na kamera. Pola, mwenyekiti, akamwambia Kabibi kikaoni, "Mama Kache, Mekatilili gani ana pengo? Safari hii nasimama mimi. Hilo hando niazime."

Wenzake wakacheka. Kabibi akalikunja hando, akampa. Tangu siku ile hakuimba tena jikoni. Akizungumza anaziba mdomo kwa leso, hata na mimi mumewe. Mimi niliishia darasa la tano, kubembeleza mtu sijui. Nilijua tu kwamba Pola atalipa.

Kisa chenyewe watoto wa huku wanakijua. Mekatilili anaweka koo, kuku mama, na vifaranga vyake mbele ya mzungu, anamwambia achukue kimoja. Mzungu akinyoosha mkono, koo anamparura. Basi, anasema Mekatilili, na nyinyi mkigusa vijana wetu mtaparurwa hivyo hivyo. Kwa sehemu hiyo Kabibi huazima kuku nyumba iliyo karibu na shule. Wetu hataki kuwatumia kabisa, maana nawafuga mimi na wanakula mkononi mwangu, hawawezi kunidonoa. Pola hakuwahi kuuliza.

"Baba Kache, si wewe una kuku? Lete mmoja mwenye vifaranga."

"Haya, mama mwenyekiti."

Nikamchagua yule niliyemlea ndani ya nyumba tangu akiwa kifaranga.

Siku ikafika. Watoto wameketi chini uwanjani, wageni wamesimama na kamera zao. Pola, ndani ya hando la mke wangu, akapaza sauti, "Haya, mzungu! Chukua kifaranga uone!"

Nikachukua. Koo akanisogelea, akadonoa unga ulioniangukia kiatuni. Watoto wakacheka.

"Chukua tena!"

Nikachukua cha pili, na cha tatu, nikavitia kofiani. Sikuwa na haraka. Pola akaniinamia. "Baba Kache, wanifanyia nini?"

"Mimi mzungu," nikamwambia. "Nachukua."

Kicheko kikakatika. Msichana mmoja mstari wa mbele akauliza, "Kwani mzungu alivichukua vyote? Na Mekatilili akatazama tu?"

Pola akamsukuma koo kwa mguu. "Mdonoe, mjinga wewe!"

Koo akamrukia yeye. Akamparura miguu, akapanda hadi kiunoni, na Pola akatimka akipiga mayowe hadi nyuma ya gari la wageni, kamera zikimfuata. Nilifurahi. Nikamtafuta Kabibi kwa macho. Alikuwa kwenye masufuria ya chai. Nilitaka nimwone akicheka.

Hakucheka. Alikuja na leso yake na kandambili, mdomo wazi, pengo nje.

"Weka chini."

Nikadhani anaigiza. Akanizaba kofi, unga ukaruka.

"Weka chini watoto wa watu!"

Nikaviweka. Akamgeukia yule msichana. "Hakutazama tu, mwanangu. Sikiliza." Akakisimulia kisa upya, maneno mengine yakipuliza penye pengo, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza, yule msichana akawa wa kwanza kusimama na kupiga makofi.

Tukirudi nyumbani nikamwambia, "Nimekulipia kisasi."

"Nani alikutuma? Pola ni wangu mimi. Wewe umewaonyesha watoto Mekatilili akishindwa."

Shavu lilikuwa linawaka. Lakini sijuti, jioni ile aliimba jikoni.

Pola alilileta hando limechafuka mavi ya kuku. Alisimama mlangoni, miguu imejaa mikwaruzo, akauliza kama bado ana sehemu kwenye igizo.

Kabibi hakuziba mdomo. "Unayo. Wewe utashika kuku."

Siku hizi, kila tukienda shule, Kabibi mwenyewe anamtafuta kuku wa kumpa Pola, nyumba hadi nyumba. Hatosheki mpaka ampate anayekimbiza mbwa.