Safu ya Tano

"Jina la tano nimelipata, Maame," Dufie alisema. "Sikiliza."

"Anza na la tatu," mama yake akamwambia.

"Wageni wa Mlangoni. La nne, Mama wa Watoto Wengi. La tano..."

Mteja akauliza kama rangi ile haichujuki. Pokuaa akamgeukia, akalowesha kidole kwa mate, akakisugua kitambaa mbele ya macho yake, wakaanza kuvutana bei. Nyuma yake sauti ya binti yake iliendelea, la tano, la sita, naye akaitikia "mm" kama mtu anayesikiliza. Alipomaliza kukunja yadi sita na kugeuka, Dufie alikuwa amekaa sakafuni, amekumbatia magoti, midomo imekauka. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Wote wawili walijua maumivu yale huanzaje. Siku ya pili yake, Jumamosi, Pokuaa alirudi nyumbani kutoka hospitali peke yake, kandambili za Dufie zikiwa ndani ya mfuko.

Katika soko la Techiman kitambaa kisicho na jina hakina soko. Mwanamke haji kuomba kile cha bluu chenye ndege. Hukitaja kwa jina, na jina hulitoa muuzaji anayekipokea kwanza. Pokuaa alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kwa kubuni majina hakuwa na mpinzani. Alikiita kimoja Jirani Hajalala, kingine Mkwe Kanipenda, na hata Kumasi wakaviagiza hivyo hivyo.

Ndiyo maana Dufie, aliyekuwa sekondari kidato cha tatu na asiyeweza kushika makundi ya jedwali la elementi, alikuja likizo moja akavishusha vitambaa vyote, akavitundika upya ukutani kwa safu nane, moja kwa kila kundi. Safu ya kwanza aliweka vipande vyenye yadi moja ya ziada, kwa sababu metali za alkali zina elektroni moja ya kugawa. Ya saba, halojeni, aliweka vilivyopungukiwa yadi moja. Ya nane, gesi adimu, aliweka vile vya bei kali, vipande vizima. "Hivi haviombi wala havitoi," alisema. "Kama shangazi." Mama yake akawa msimamizi wa mtihani, akayashika majina yote kwa kusikia. Safu ya tano peke yake Dufie alikuwa akiiruka kila siku. Hilo bado, alikuwa akisema, na Pokuaa akadhani halijamkaa kichwani.

Baada ya mazishi Pokuaa alirudi kibandani na nguo zake za msiba, nyekundu na nyeusi. Kila asubuhi aliupitia ukuta kwa mkono, safu kwa safu, akitaja. Akifika ya tano mkono ulisimama. Alijaribu kuukumbuka uso wa yule mteja, bei waliyovutana, hata harufu ya kitambaa kwenye kidole chake mwenyewe. Vyote vilikuja. Jina halikuja. Na madaftari ya Dufie ndugu wa ukoo walikuwa wameyaweka kwenye jeneza pamoja na kalamu, ili aende nayo. Ni Pokuaa mwenyewe aliyekubali.

Vya ukutani akakataa kuuza. Frema, jirani yake wa kibanda cha pili, alivumilia majuma matatu, akimletea wateja na kuwaona wakiondoka mikono mitupu, mwishowe akashindwa.

"Dada, pale umetundika vitambaa au umemtundika mtoto?" aliuliza. "Kama ni jina, kipe jina. Wewe si ndiye fundi wa majina hapa?"

Pokuaa alisema jina hilo si lake, ni la kitabuni, na asiposhika la kitabuni atakuwa amemsahau mwanawe. Frema akamwambia basi akaulize huko kwenye vitabu. Jumanne akafunga kibanda, akaenda shuleni.

Mwalimu wa kemia, Bwana Asiamah, alimpa kiti na maji, akampa pole. Kundi la tano, alisema, huitwa la nitrojeni, kwa elementi yake ya kwanza. Pokuaa akatikisa kichwa. Si hilo. Ili amsaidie, akaanza kumtajia kwa mpangilio: metali za alkali, metali za ardhi za alkali, Wageni wa Mlangoni, Mama wa Watoto Wengi. Aliyataja taratibu, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyesoma.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mama, hayo mawili hayamo kitabuni."

Akamweleza kwamba makundi manne tu ndiyo wanayofundishwa kwa majina. Dufie aliwahi kuuliza darasani kwa nini mengine yameachwa hivyo hivyo, naye akamjibu kuwa mtihani hauyaulizi.

"Kwa hiyo aliyatunga yeye," Pokuaa alisema.

"Ni yeye."

"Na hakuna mwingine anayelijua hilo la tano."

Mwalimu akakifunga kitabu kilichokuwa mezani.

"Alilisema," Pokuaa akasema. "Nilikuwa nauza."

Nje wanafunzi walikuwa wakipanga foleni ya chakula na sufuria zikigongana. Kisha mwalimu akauliza, kwa adabu, kama angeruhusiwa kuyaandika ubaoni yale mengine. Pokuaa akamtajia, pamoja na la sita, Pumua Kwanza, naye akaandika kwa herufi kubwa. Alipouliza mahali pa la tano aweke nini, Pokuaa alimwambia apaache.

Ijumaa iliyofuata alianza kuuza vya ukutani. Wanaogusa safu ya tano humuuliza kinaitwaje, naye huwajibu hakina jina, na huwapunguzia bei.

Shuleni, kidato cha tatu huyasoma makundi kwa sauti kuanzia la kwanza hadi la nane. Wakifika pale palipoachwa wazi husema "la tano", kisha huendelea na la sita.