Majambazi wa Hester wa Radi

Hester Tuttle alikuwa mfua nguo wa Cutter's Creek, huko Dakota, na hakuwahi kushika bunduki. Ila mwandishi mmoja wa New York, ambaye nyika aliiona kwenye ramani tu, alilipenda jina lake akamtungia kitabu cha hadithi cha senti kumi, akamfanya shujaa hatari wa bastola: Hester wa Radi. Nchi nzima ilikisoma. Hester mwenyewe hakujua kusoma.

Siku moja alipanda gari la farasi kwenda kumwona dada yake. Abiria alikuwa peke yake. Bondeni wakazuka majambazi watatu, vitambaa usoni. Dereva akaruka, akatokomea vichakani.

"Shuka, mama!" akafoka mkubwa wao, Amos Kettle.

Hester akashuka. Amos akamkodolea macho, akachomoa kitabu kilichochakaa, akatazama picha ya jaladani, ya mwanamke mwenye shali kama yake.

"Tumekwisha, jamani. Ni yeye!"

Bastola zikaanguka chini.

"Baba, mimi nafua nguo tu," Hester akasema.

"Mnasikia? Ndivyo anavyosema kitabuni kabla hajaua watu!"

Wakalala kifudifudi, wakamwomba awafunge. Kamba walimpa wenyewe. Akafunga fundo alilolizoea, la kuanikia mashuka.

"Sasa nitoboe kofia kwa risasi," akasema Amos.

"Ya nini, mwanangu?"

"Lazima. Bila hivyo watu watasema tulijisalimisha kwa woga."

Hester akaokota bastola, akafumba macho, akafyatua. Bastola ikamrusha matopeni chali, risasi ikapasua taa ya gari. Majambazi wakashangilia.

Kuendesha farasi hakujua, basi ikabidi Amos afunguliwe, awapeleke mjini, kisha afungwe tena mlangoni pa kituo cha polisi. Polisi alicheka hadi akakaa chini.

"Huyu dobi ndiye kawakamata?"

"Mheshimu!" Amos akanguruma. "Angetaka, sasa hivi ungekuwa maiti!"

Wakatiwa ndani. Kesho yake Hester aliwaonea huruma, akawapelekea mkate na maharagwe. Amos akamsomea kitabu kupitia nondo, wenzake wakimhimiza. Hester akasahau hata kumpelekea dada yake udhuru wa kutofika. Hadithi ilipofika pale dubu anapomkaba Hester wa Radi shingo ukingoni mwa jabali, Amos akanyamaza ili atafune.

Hester akazishika nondo kwa mikono miwili.

"Usile kwanza! Ikawaje? Nilipona?"